Tumbo la Baba na Pazia la Akko

Shuleni kwetu Meru tulifundishwa kwamba likizo ni wakati wa kupumzisha akili. Mwalimu aliyesema hivyo hakuwa na baba aliyefunga choo.

Baba yangu, Mzee Umuro, mfanyabiashara wa ng'ombe, alirudi Isiolo kutoka Sericho mwanzoni mwa Agosti 1977. Huko aliishi kwa nyirinyiri, zile nyama kavu za kukaanga, na chai kali, na maji ya kunywa aligombania na ngamia. Alirudi na ng'ombe wazuri na tumbo lililokaza kama ngoma. Dispensari walimpa dawa ya kunywa, haikufanya kitu. Alipokwenda tena, muuguzi akatoa mpira mwembamba na ndoo, akaanza kumweleza kwa upole. Baba hakungoja maelezo yaishe. Alifika nyumbani mbio, akaapa mbele yetu sote:

"Hakuna kitu kitaingia kabla kitu hakijatoka!"

Kiapo hicho, kilichozuia hata chakula, kingekuwa shida yake peke yake, lakini kesho yake alasiri wageni walikuwa waje kutoka Gotu kumposa dada yangu Dokata. Nyumbani kwetu, mwenye nyumba ndiye huanza kutafuna buni zilizokaangwa kwa samli, kisha wageni nao hula. Baba wa msichana asipogusa buni, wageni wanaelewa kwamba amekataa posa. Wanachukua fimbo zao na kwenda.

Siku ya wageni ilipofika, Baba bado alikuwa na kiapo chake na tumbo lake. Dokata akanishika shati.

"Dabaso, nitazeekea hapa kwa sababu ya tumbo la Baba?"

"Mwambie huyo mchumba wako angoje," nikasema. "Hata sisi tunangoja."

Alinipiga ngumi ya bega. Nakiri ilikuwa ngumi ya haki.

Hatimaye Mama akasema jambo ambalo kila mtu alikuwa akilikwepa. Aliyejua kukanda tumbo lililofunga, hata wanawake wa mitaa mingine wakamfuata, alikuwa mama yake, nyanya yangu, Akko Qabale. Akko ni mama mkwe wa Baba. Kwa desturi yetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawaitani majina, hawazungumzi. Tangu Mama aolewe, Baba akimwona Akko sokoni huvuka barabara. Leo amshike tumbo?

Wazee wa nyumba wakaamua hivi: Baba alale chumbani, Akko akae sebuleni, na pazia la mlangoni lishushwe katikati. Akko aseme, mimi nikande. Nilipouliza kwa nini mikono isiwe ya Mama, Mama akasema ana buni za kukaanga.

Baba akalala chali, magoti juu, shati wazi, macho kwenye mabati kama mshtakiwa anayengoja hukumu. Nikapaka samli vuguvugu.

"Mwambie mgonjwa," sauti ya Akko ikatoka nyuma ya pazia, "apumue, alegeze tumbo."

Sauti hiyo ilimfikia jirani. Baba, ambaye angeweza kuligusa pazia kwa fimbo yake, akanigeukia.

"Amesema nini?"

"Amesema upumue, ulegeze tumbo."

"Mwambie nimelegeza."

"Akko, anasema amelegeza."

"Mwambie ni mwongo."

Nikasita. "Baba, Akko anasema ujaribu zaidi."

Tukaendelea na mkutano huo. "Anzia chini, upande wa kulia, karibu na nyonga," Akko akaagiza. "Panda mpaka mbavuni. Vuka juu ya kitovu. Shuka kushoto. Polepole! Huyo ni mtu, si mkokoteni." Nikapanda, nikavuka, nikashuka, nikarudia. Tumbo likagoma. Kila Akko alipokohoa, Baba alikaza misuli yote, na vidole vyangu vikateleza kana kwamba nakanda dawati. Jasho likaniingia machoni. Mgongo ukaniuma. Dokata akapita dirishani akiuliza, "Bado?" Akapita tena. "Bado?" Nilitamani hata kipindi cha hesabu.

"Huyo mtu amekaza," Akko akasema.

"Baba, umekaza."

"Sikazi! Mwambie nani anaweza kulegea na... na..." Akameza neno. "Mwambie sikazi."

Hapo, nikiwa nimechoka na kukasirika, nikagundua jambo zito. Hawa wawili walisikiana kila neno, lakini heshima iliwakataza kukubali kwamba wanasikiana. Basi nikisema lolote, nani atanisahihisha? Kwa kijana aliyewahi kufunga kengele ya bweni kwenye mkia wa punda wa mpishi, hii ilikuwa neema.

"Baba," nikatangaza kwa sauti ya kiranja mkuu, "Akko anasema mgonjwa atamnunulia mkandaji viatu vipya vya shule."

Nyuma ya pazia Akko akakohoa. Baba akalitazama pazia, akarudisha macho kwenye mabati.

"Tena anasema tumbo la namna hii huimbiwa, kama fahali aliyekataa kunywa kisimani."

Sikumpa nafasi. Nikaanza wimbo wa kisimani, ule ambao wachungaji huwaimbia ng'ombe wakiteka maji, ila mimi niliuimba kwa besi ya kwaya ya shule, polepole, kama tunazika mtu. Mahali pa jina la fahali nikaweka la Baba: Umuro.

Baba alivumilia ubeti mmoja.

"Wewe! Ndivyo watu wanaimba hivyo? Ng'ombe atakunywa hiyo? Ng'ombe atalia! Shule imekuharibu kabisa."

"Basi nionyeshe, Baba."

Akavuta pumzi mpaka mbavu zikainuka, akaimba. Aliimba vizuri, kwa sauti ya kisimani hasa, na alipofika mahali pa jina la fahali, mazoea ya wimbo wangu yakamponza: akajiita mwenyewe. Nyuma ya pazia Akko akapasuka kwa kicheko. Baba akashtuka, akajizuia, akashindwa. Akacheka mpaka samli ikamtiririka ubavuni.

Na tumbo likalegea. Nikapanda, nikavuka, nikashuka, na chini ya kiganja changu kitu kikanguruma kama lori linalobadilisha gia mlimani.

"Hapo!" Akko akapiga kelele. "Usiache hapo!"

Baba akaketi wima. "Nipishe."

Choo chetu kilikuwa mwisho wa ua, na njia ya uani ilipita sebuleni, mbele ya Akko. Dirisha lilikuwa na nondo. Baba akafika kwenye pazia, akasimama, akaanza kurukaruka.

"Mwambie atoke!"

"Akko, anasema utoke!"

"Mwambie magoti yangu hayainuki upesi hivyo!"

Nje honi ikalia. Wageni. Baba akatazama dirisha, akatazama pazia, kisha akaling'oa pazia pamoja na waya wake, akajifunika gubigubi asije akamwona mama mkwe, akapita sebuleni kama kipofu. Akagonga fremu ya mlango, akaipata njia, akatoka.

Wazee wa Gotu walikuwa wakiingia uani. Mbele yao likapita pazia lenye maua, likiwa na miguu.

"Salaam aleikum," akasema mkubwa wao, Mzee Bule, kwa tahadhari.

"Aleikum salaam," pazia likajibu bila kusimama.

Wakakaa sebuleni na fimbo zao katikati ya magoti. Akko alikuwa ameshahamia jikoni. Buni zikaanza kupoa. Dokata alitafuna ncha ya leso yake.

"Mwenye nyumba yuko?" Mzee Bule akauliza.

"Yuko kwenye shughuli," nikasema.

Alichelewa. Mzee mmoja alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye fimbo yake Baba alipoingia, amenawa, ana shati safi, uso umemng'aa. Akasalimu, akachukua buni, akatafuna. Akachukua nyingine, na nyingine, mpaka Mama akaisogeza sahani kwa wageni. Nao wakala. Jikoni Dokata akapiga kigelegele, akanyamazishwa.

"Dabaso!" Akko akaita kutoka huko. "Mwambie mwenye nyumba asubuhi anywe maji ya moto, na nyirinyiri aache kwanza."

"Mwambie nimesikia," Baba akasema kabla sijafungua mdomo.

Nikaona huo ndio wakati. Nikasimama wima, mikono bado ina samli. "Na viatu?"

"Viatu gani?" wakauliza wote wawili pamoja, mmoja sebuleni, mwingine jikoni.