Majua Mawili

Wasikilizaji walimwita Bibi Sayari, ingawa hakuwa amefika hata miaka arobaini. Kila Jumamosi asubuhi aliketi katika studio ndogo ya redio, kuta zimebandikwa sponji, akahakiki riwaya za safari za anga na za falme zisizokuwepo. Waliomcheka walikuwepo: mtu mzima na akili zake anasoma habari za mazimwi! Naye hujibu kwamba mazimwi, angalau, hayajifanyi watu.

Mwaka ule mjomba wake alitoa riwaya. Mjomba huyo, mwalimu mstaafu wa fizikia, ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufariki. Kitabu kilisimulia habari za watu waliohamia sayari ya mbali kwa chombo cha anga, na ukoo mzima ulikuwa ukisubiri uhakiki wake.

Ijumaa mama yake alipiga simu. "Umekisoma?"

"Mara mbili, mama."

"Basi kisifu. Mchuma janga hula na wa kwao. Janga hilo usituletee."

"Kuna mambo mle siwezi kuyafumbia macho."

"Yafumbie!"

Hakuyafumbia. Hewani alianza na mazuri: chumba cha mitambo kilivyoelezwa, alisema, hata msomaji hutokwa jasho. Kisha akakohoa kidogo. "Lakini wanawake wote katika chombo hiki wanapika, wanalia na kungoja. Hakuna hata mmoja anayegusa usukani."

Fundi mitambo wa studio akaashiria nyuma ya kioo: kuna simu. Ilikuwa ya mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia. "Mimi nilikufundisha kusoma, leo unanivua nguo mbele za watu? Hiyo ni hadithi ya kubuni tu!"

"Ndiyo maana, mjomba. Umebuni majua mawili, umebuni nyangumi wanaopaa, ukashindwa kubuni mwanamume anayeosha sahani?"

Fundi alijiziba mdomo. Mjomba akasema, "Usikanyage kwangu tena," akakata.

Kipindi kilipoisha, mkuu wa vipindi alimngoja mlangoni. "Wiki ijayo utaomba radhi."

"Wiki ijayo nitahakiki kitabu kingine. Ukitaka wa kusifu tu, tafuta mpiga zumari."

Kesho yake alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mjomba. Mkaza mjomba alifungua mlango, akamkumbatia. Mzee alikuwa sebuleni, uso nyuma ya gazeti.

"Nilisema usikanyage hapa."

"Nilisikia, mjomba. Nimekanyaga. Ukinifukuza nitakuja Jumapili ijayo, maana wewe ni mzazi wangu. Kitabu ni kitabu."

Mzee alinyanyuka, akaingia chumbani, akaubamiza mlango.

Mkaza mjomba akavuta kiti, akaketi, akapaza sauti makusudi. "Mimi ndiye niliyekichapa kitabu kile kwenye kompyuta. Nilimwambia hayo hayo uliyoyasema, akaniambia nikaangalie sufuria isiungue!"

Wakacheka hadi machozi. Huko chumbani nyayo zilisogea hadi mlangoni, zikasimama.

Mama yake alimnunia muda mrefu. Mjomba naye hakumwomba radhi, wala yeye hakumwomba. Lakini kila Jumapili alikwenda, akabisha hodi, na siku moja mlango ulifunguliwa na mjomba mwenyewe.

"Pita," alisema, kama anayemeza dawa chungu. "Lakini bado umekosea."

"Basi tubishane, mjomba," akajibu, akavua viatu.