Skrubu Tatu Kabla ya Saa Saba

Mume wangu ni seremala, na msumeno wa umeme ulimwachia dole gumba peke yake katika mkono wa kulia. Vile vidole vingine vinne vilikwenda zao. Yeye husema vilistaafu mapema, bila barua.

Tuliomba posho ya ulemavu mwaka jana. Fomu ya kwanza ilikaa miezi mitatu kwenye meza ya mtu aliyekuwa likizo. Ripoti ya daktari ikaisha muda ikiwa njiani, maana uhai wake ni miezi sita tu, na faili letu lilikuwa linatembea kwa magoti. Tukapimwa upya, kana kwamba vidole vingekuwa vimeota. Mwezi wa kumi na tatu ndipo tukaitwa mbele ya jopo. Tukikataliwa hapo, tunaanza tena na fomu ya kwanza, na mbao za karakana nabeba mimi. Mgongo wangu ulishaanza kunung'unika.

"Leo wewe ni mgonjwa," nilimwambia asubuhi. "Kaa kigonjwa."

"Kigonjwa ndiyo vipi?"

"Kama ulivyokaa siku mama yangu alipohamia kwetu."

Saa mbili tulikuwa kwenye korido, namba thelathini na moja. Benchi letu lilikuwa na mguu uliolegea. Mtu akipumua tu, linalia. Mzee mmoja mwenye fimbo nyeupe alisema sasa anajua uzito wa kila mmoja wetu kwa mlio. Nilicheka. Mume wangu hakucheka. Seremala kukalia benchi bovu ni kama mpishi kula mboga iliyoungua: anaweza, ila usimtazame usoni.

Namba nane ilipoitwa, akatoa bisibisi mfukoni.

"Baba watoto, hapana."

"Nakaza tu."

Watu wakasimama kumpisha, akaingia chini ya benchi. Bisibisi mkono wa kushoto, skrubu ameibana kwa dole gumba na goti. Ikaanguka. Ikaanguka tena. Yule mzee akawa anatuelekeza ilikoangukia, kwa kusikia tu, na hakukosea hata mara moja. Nilinyoosha mkono kusaidia. Mume wangu akanitazama, nikaurudisha. Skrubu ya tatu ilikubali saa saba kasoro robo, na wakati huohuo daktari wa jopo akapita na kikombe chake cha chai. Akasimama, akatazama, akaingia ofisini.

Tulipoitwa, alikuwa na kalamu mkononi, karani pembeni yake.

"Fundi, nimekuona kazini. Mkono unafanya kazi."

"Benchi lilikuwa bovu," akajibu mume wangu, tena kwa fahari kidogo. Nikajua tumekwisha.

Daktari akaanza kuandika.

"Samahani, daktari," nikasema. "Muulize alianza saa ngapi."

"Mke wangu, nyamaza."

Jambo hili nyumbani hatulitaji. Kiti kimoja kikimchukua wiki nzima, mimi husema mbao zilikuwa mbichi. Lakini siku hiyo sikunyamaza.

"Alianza namba nane, daktari, na sisi ni thelathini na moja. Skrubu tatu. Zamani angemaliza huku anapiga soga."

Daktari akaacha kuandika. "Mama, siwezi kuandika maneno yako. Naandika yake. Fundi, ni kweli?"

Mume wangu akaiweka bisibisi mezani, akaitazama kama ya mtu mwingine.

"Ni kweli," akasema. "Ilikuwa kazi ya dakika tano. Na ile ya pili imekaa upande. Zamani nisingeiacha vile." Akaisukuma bisibisi kando. "Siwezi tena."

Daktari akakata mstari aliokuwa ameandika, akaandika mingine minne, akagonga muhuri.

"Imepita. Malipo yataanza baada ya siku tisini. Mtapigiwa simu."

"Tisini za kalenda au za ofisi?" nikauliza.

Karani akainama kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka. "Za ofisi, mama."

Mume wangu alitembea mbele yangu mpaka tulipopita geti, na baada ya geti pia, hadi kona ya pili. Niliona ni haki yake.

"Siku tisini," akasema, akipunguza mwendo. "Naweza kutengeneza meza."

"Ya miguu mingapi?"

Akafikiri, hatua kama tano.

"Mitatu. Wa nne tutauombea nyongeza ya muda."