Weusi Kooni mwa Mashine

Mluzi ndio uliomfikia kwanza: mwembamba, mkali, ukipenya ukuta wa chumba cha kuchanganyia rangi. Dada Mkubwa, kama alivyoitwa na kiwanda kizima, aliacha kijiko hewani. Miaka kumi na tisa ya kuisikiliza mashine ile kupitia ukuta ilikuwa imemfundisha lugha yake. Ikitapishwa, hukohoa na kutema mate. Ikisokota nyuzi, hupiga mluzi. Na saa ile ilipaswa kuwa inakohoa.

"Wamemziba mgonjwa mdomo kabla hajamaliza kutapika," alisema peke yake, akafuta mikono na kutoka mbio.

Kiwanda kile hakikuchovya nyuzi kwenye mapipa ya rangi. Rangi ilitiwa humo humo ndani ya plastiki iliyoyeyushwa, ikakorogwa nayo ingali nzito na moto kama uji, kisha vyote vikasukumwa kupitia sahani yenye vitundu vidogo kuliko ncha ya sindano, vikatoka nyuzi. Ndiyo maana rangi yao haikuchuja kwa jua wala kwa sabuni. Na ndiyo maana kosa lao halikuwa na dawa: uzi ukizaliwa na doa, utazikwa nalo. Siku iliyotangulia mashine ilikuwa imesokota nyuzi nyeusi, na weusi wenyewe ni masizi, hujibanza kwenye kila kona ya mabomba. Kuhamia njano kulitaka mashine itapishwe kwa plastiki isiyo na rangi, saa sita, zisipungue.

Mbele ya mashine alisimama msimamizi wa zamu, mikono kiunoni. Wafanyakazi walimwita Kamanda kwa mwendo wake. Dada Mkubwa alimwita mdogo wangu, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa: tumbo moja, dada ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, dada ndiye aliyempigia meneja magoti ili mdogo wake apewe kazi.

"Umeitapisha kwa muda gani?"

"Saa mbili. Zimetosha."

"Saa mbili! Kutoka nyeusi?"

"Dada, tazama mwenyewe." Akavuta uzi mmoja, akaunyoosha chini ya taa. Uling'aa kama kiini cha yai. "Masizi yako wapi hapo?"

"Uzi mmoja ni mwongo. Na huo bado una moto. Ngoja bobini ijae uzi, ipoe, ndipo utaona uzi umemeza nini."

"Ningoje mimi, lori la mteja lingoje, na mwaka mpya nao ungoje?"

Watu wa kwenye mashine wakacheka. Fundi wa bobini, mtu mzima mkavu waliyemwita Njiti, akadakia: "Leo Kamanda anampa amri jenerali!"

Utani ule ulimchoma Kamanda kuliko tusi. "Dada, badilisha miwani," alisema, sasa kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Huku nje msimamizi ni mimi. Wewe rudi kwenye vijiko vyako."

Kitufe chekundu cha kuzimia mashine kilikuwa hatua mbili tu, na yeyote aliruhusiwa kukibonyeza. Mkono wa Dada Mkubwa ulifika nusu ya njia. Kisha akautazama uso wa mdogo wake, umekazwa mbele ya watu, na chini ya ule ukali akamwona yule mtoto aliyekuwa halali bila kushika kidole cha dada yake. Hakuweza kumvua nguo hadharani. Akashusha mkono, akarudi kwenye vijiko vyake.

Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Wiki mbili baadaye mzigo ulirudi wote. Meneja aliwaita ofisini, akatandaza mezani kitambaa ambacho mteja alikifuma kwa nyuzi zile. Kilikusudiwa kushonwa vizibao vya wafagia barabara. Rangi yake haikuwa njano. Ilikuwa kama maziwa yaliyoungulia chini ya sufuria.

"Mfagiaji akivaa hiki alfajiri," meneja alisema, "dereva atamwona akishakuwa chini ya gurudumu. Nani aliamuru mashine isokote kabla haijasafika?"

Kamanda alitazama viatu vyake. "Rangi ni mambo ya dada, bosi. Mimi nasimamia mashine."

Dada Mkubwa alingoja. Alidhani sentensi ile haijaisha, kwamba mdogo wake anavuta pumzi tu.

Njiti aliitwa. "Nilikuwa nafunga bobini, bosi," alisema. "Masikio yangu na kelele zile hayana undugu."

"Aliamuru yeye," Dada Mkubwa alisema hatimaye. "Nilimkatalia mbele ya wote."

"Ulijua uzi utaharibika?"

"Nilijua kabla sijauona."

"Na kitufe kilikuwa wapi?"

"Hatua mbili."

"Basi yeye alikosa kwa kutojua. Wewe ulijua, ukaondoka." Meneja akanyoosha kiganja kudai ufunguo wa chumba cha rangi. Kuanzia Jumatatu Dada Mkubwa angekaa uani, akichambua nyuzi zilizokatika na kusokotana. Ufunguo alikabidhiwa Kamanda, mpaka apatikane mwingine.

Kamanda alimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akisugua kucha kwenye bomba la maji.

"Dada, usininunie. Ningefanyaje? Mke wangu anajifungua mwezi huu. Wewe huna anayekutegemea."

"Nilikuwa naye," alijibu. "Mmoja."

"Hasira zitapita. Damu ni damu. Utakuja nyumbani mtoto akizaliwa?"

Akafunga maji. Akajifuta kidole kimoja kimoja, bila haraka, ndipo akamgeukia.

"Nitakuja. Na nakuahidi, nawe unajua sijawahi kukuahidi kitu nikakosa. Mtoto nitamwogesha, nitambeba, akilia nitaamka mimi, maana yeye hajanikosea. Atakua akiniita shangazi. Na siku akili yake itakapokomaa, nitamkalisha nimweleze meneja alikuuliza nini, nawe ukajibu nini. Sitatia chumvi hata chembe, mdogo wangu. Na wewe utakuwa umekaa pale pale, unasikia."