Kifuko cha Majivu

Kopo la poda ya watoto lilibingirika juu ya meza ya stoo, likagota kwenye boksi la risasi za nyati. Kajetani, meneja wetu, ndiye aliyelirusha. Akasema mwaka huu tutapimia upepo kwa hiyo poda, maana mgeni anayekuja kuwinda hapendi mambo ya kushikashika majivu.

Nililitazama. Lilikuwa na picha ya mtoto anacheka.

Anayefuata nyayo za nyati hubeba kifuko cha majivu. Ukikitikisa kidogo, vumbi linakuonyesha upepo unaelekea wapi, kwa sababu nyati akiipata harufu yako, ama amekimbia ama anakuja. Kifuko changu alikishona mke wangu, Suzana, kwa kipande cha khanga yake. Majivu aliyachekecha mwenyewe kutoka jikoni kwake, laini kuliko hiyo poda yao.

Basi nikaendelea kuchagua vifaa. Nikapitisha kitambaa cha mafuta kwenye mitutu ya bunduki zile nzito. Risasi za ncha ngumu nikaziweka upande wake, za ncha laini upande wake. Nikanoa visu vya kuchunia, nikapima chumvi ya kukaushia ngozi, nikanusa turubai kama limeshika uvundo. Mikono inazijua hizo kazi. Mwenyewe nilikuwa Bombambili, nyumbani, mwaka jana.

Mwaka jana, siku kama hiyo, nilimkuta Suzana amekwisha kujaza kuni uani. Kwao alikozaliwa, mume akienda kwa wanyama wakubwa, mke hatoki nyumbani mpaka arudi. Hagombani na mtu. Moto wa jikoni hauzimwi. Akikiuka, mnyama anamdhuru mume. Padri alikwisha kuwaambia waache; Suzana akamsikiliza kwa heshima, akaongeza rozari, na moto hakuuzima. Majirani walimtania kwamba mumewe amempa kifungo. Yeye anacheka tu.

"Bora kifungo kuliko ujane," aliwaambia.

Asubuhi ya safari alikuwa anajishika tumbo. Nilipomuuliza akasema ni chango, niende zangu. Nikaenda bila kugeuka nyuma, ndivyo inavyotakiwa.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Tumbo lilimzidi. Walburga, jirani yetu, akaja na bodaboda mpaka mlangoni, akamsihi waende hospitali. Suzana alikuwa amejikunja kando ya mafiga. Akasema, "Mume wangu yuko kwa nyati, Walburga. Nitatokaje?"

Walburga akaona wa kumtoa pale ni mimi peke yangu. Akaenda ofisini kwetu mjini, akawabembeleza wapige redio kambini nirudi. Wakapiga. Kajetani akapokea.

Akakaa na habari hiyo kimoyomoyo. Mgeni alikuwa bado hajapata nyati wake. Tukaendelea kufuata nyayo, mimi mbele natikisa majivu ya jikoni kwa Suzana, meneja nyuma yangu anajua, nami sijui. Nyati alianguka vizuri, hakuna aliyeguswa. Wakapiga picha, wakacheka. Tulipokuwa tunakunja mahema ndipo Bakili, mpishi wetu, mtu wa Namasakata, aliponong'ona kwamba kulikuwa na habari yangu kwenye redio.

Nilifika wameshamzika. Moto ulikuwa bado unawaka. Walburga alikuwa anauchochea, hakujua afanye nini kingine.

Kajetani nilimuuliza mbele za watu. Akajibu kwa upole kabisa, "Ningekwambia, ungefanya nini, mzee Athanasi? Gari lilikuwa moja."

Wakubwa wake wakaleta mchele na pole. Wakasema ni mapenzi ya Mungu. Redio haikushikwa na Mungu.

Kwa nini basi nimerudi stoo kwao mwaka huu? Bakili aliniuliza hilohilo tukiwa tunafunga mizigo kwenye gari, nikajifanya navuta kamba. Nilikuwa na langu. Kama mwiko ule ni kweli, basi Suzana alifia kazini, akinilinda. Kama si kweli, alikufa bure, pembeni ya moto wa kupikia. Wa kumuuliza hakuwepo mjini Songea. Nilitaka nyati aniambie.

Asubuhi ya kuondoka niliwasha moto kwenye mafiga yake. Nikangoja ushike vizuri. Kisha nikaumwagia ndoo ya maji. Moshi ukanipanda machoni. Kifuko changu nikakilaza juu ya figa. Nilipofika mlangoni nikageuka nyuma, nikatazama mpaka nikatosheka, ndipo nikaenda.

Porini nilitangulia na kopo la mtoto anacheka. Palipotakiwa kusubiri, sikusubiri. Mgeni akapiga nyati dume, akamjeruhi tu, nyati akaingia kichakani. Kazi ya kumfuata ni ya meneja mwenye bunduki. Kajetani akasogea karibu na gari, akaniashiria mimi niende kuangalia. Kwa mara ya kwanza nilimtii kwa moyo mmoja.

Nilimkuta nyati amesimama, damu puani, ananitazama. Nikatikisa poda. Ikatoka kwangu ikaenda kwake moja kwa moja, ikamfikia. Nikabaki pale, mikono wazi. Akakunja magoti taratibu, kama mzee anayetafuta pa kukaa, akalala.

Jioni waliponiona natoka kichakani walinipongeza. Kajetani akanipiga bega.

Bombambili nilikuta mafiga baridi na kifuko palepale. Walburga akapiga hodi, akasimama nje kidogo, akasema, "Tunashukuru umerudi mzima, baba."

Nikamwitikia, nikafunga mlango. Nikavua shati, nikavua suruali, nikasogea kwenye mwanga wa dirisha. Nikajikagua mikono, mbavu, nyayo za miguu, nikitafuta hata mkwaruzo wa mwiba wa kumpelekea Suzana.

Hakuna. Ngozi yote nzima.