Ndani ya Kiti Kuna Nini

Mwanangu wa kwanza alikaa kwenye kizingiti cha karakana yangu, akakuna kichwa, akaniambia kwamba kazi ya viti imekufa na mimi nisikubali kuzikwa nayo. Alikuwa amenitengea chumba nyumbani kwake. Kina dirisha kubwa, wajukuu wako mlango wa pili, na sebuleni kuna sofa mpya ya kijivu ambayo mkewe ameifunika kwa nailoni watoto wasiichafue. "Shule zikifungwa nakuja na pikapu, mama," akasema. "Umeshafanya kazi ya kutosha."

Sikumjibu vibaya. Nampenda yule mtoto, na chumba chenyewe nilikuwa nimekiona, kizuri. Ila mimi ni fundi wa kuvisha viti, mtaa mzima wananiita Mama Springi, na mtu akiniambia nimefanya kazi ya kutosha najisikia kama ananivua viatu njiani. Ile sofa yake ya kijivu niliikalia siku niliyowatembelea. Nilijua papo hapo ndani kuna nini, nikafunga mdomo kwa heshima ya mkamwana wangu.

Lakini kweli isemwe, wateja walikuwa wamepungua. Maduka ya barabara kuu yanauza viti vilivyokamilika: mtu anakiona asubuhi, mchana anakikalia kwake. Kwangu anasubiri, na lazima aje mara mbili. Mara ya kwanza anachagua kitambaa, mara ya pili anakuja kuangalia ndani. Hiyo ya pili ndiyo sheria yangu. Kiti hakivishwi kabla mwenyewe hajakiona kikiwa uchi: mbao, mikanda, springi, gunia, sponji. Apige ngumi, atikise, aulize maswali yake ya kipuuzi, ndipo nachukua nyundo. Shangazi aliyenifundisha kazi hii alifanya hivyo, nami sikuona sababu ya kuacha. Kitambaa kinaficha mengi.

Binti yangu kitinda mimba ndiye aliyeikataa habari ya pikapu. Tunafanya kazi pamoja. Ana mkono mzuri wa kushona na mdomo usio na breki.

"Kazi haijafa," akasema kaka yake alipoondoka. "Imejificha tu huku uchochoroni. Watu wako mtandaoni, sisi tuko nyuma ya duka la mabati."

"Basi nenda kawaite."

Nilidhani nimemkomesha. Kesho yake alifagia kona moja ya karakana, akapaka ukuta chokaa, akasogeza kiti karibu na mlango kipate mwanga, akaanza kukipiga picha huku amelala kifudifudi sakafuni. Akafungua ukurasa, akaupa jina langu la mtaani. Chini ya kila picha akaandika aina ya mbao, kitambaa, muda wa kusubiri na namba ya simu, watu wasihangaike kuuliza. Mimi alitaka nikae kitini nitabasamu. Nikamwambia hapa tunauza viti, hatuuzi sura.

Mwanzoni waliotutazama walikuwa rafiki zake na fundi redio wa jirani, ambaye alibonyeza alama ya kopa kwenye kila picha kisha akaja mwenyewe kuuliza kama tumeiona. Halafu akaandika mkunga mmoja wa mji wa mbali. Alitaka kiti cha baba yake. Mzee magoti yamechoka, viti vya nyumbani vinammeza, akikaa hainuki mpaka avutwe. Kitinda mimba akamuuliza yote niliyomtuma: kutoka gotini hadi chini kuna urefu gani, mkono upi una nguvu, ananyanyukia upande gani. Mkunga akapima kwa kamba, akatuma picha ya kamba imelazwa kando ya rula. Nikampenda kabla sijamwona.

Kiti kile nilikitengeneza kwa raha. Nilikiinua kidogo, nikasimamisha mgongo, nikakipa mikono imara ya kushikia. Kilipofika hatua ya kuvishwa, nikaweka nyundo chini.

"Mwambie aje aone."

Kitinda mimba akanitolea macho. "Mama, ni safari ya siku nzima. Ya basi."

"Basi apande basi."

"Hakuna mtu anayepanda basi kwenda kuangalia springi."

"Ndiyo maana wanakalia maboksi yaliyovishwa kitambaa."

Tukanuniana. Kiti kikabaki uchi pale mlangoni. Wakati huohuo watu wengine wa mbali wakaagiza vyao, navyo vikafika hatua ileile vikasimama. Karakana ikajaa mifupa ya viti, wapita njia wakawa wanachungulia wakidhani tumefilisika. Mkunga aliuliza mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili aliandika hadharani, chini ya picha zetu: kiti kiko tayari siku nyingi, fundi hataki kukimaliza, na baba yake bado anavutwa. Mtu akamjibu kwamba mafundi ni walewale. Wengine wakacheka.

Hilo liliniuma. Nimeitwa mkali, nimeitwa kichwa ngumu, nacheka tu. Kuitwa walewale sijazoea.

Mchana mmoja nikarudi kutoka kununua misumari, nikakuta kiti cha mkunga kimevishwa. Binti yangu amesimama kando yake, uzi bado uko shingoni. Kazi ilikuwa safi: mshono umenyooka, pembe zimekaa, hata pa kutia kidole cha kasoro sikupaona.

"Uvumilivu umenishinda," akasema. "Kaka anakuja na pikapu, mama. Unataka akukute na karakana ya viti uchi? Tukiwapoteza hawa hatupati wengine, halafu wewe utaenda kukaa dirishani kuhesabu magari."

Alikuwa analia. Nami nilitaka kulia, maana alisema kweli, na bila karakana ile sijui ningeamka niende wapi. Lakini hasira zangu huwa zinatangulia. Nikachukua koleo, nikakilaza kiti kifudifudi, nikaanza kung'oa misumari ya kitambaa mmoja mmoja.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakivua. Wewe chukua hiyo simu yako. Mkunga hana nafasi ya kuja huku, si ndiyo? Simu ina nafasi ya kwenda kwake. Mpigie aone."

"Kwa video?"

"Mimi nitajuaje inaitwaje? Aone ndani, basi. Na wale wa mafundi ni walewale nao waone, kama mtambo wako unaruhusu."

Mtambo uliruhusu. Alipangusa macho kwa kiwiko, akaegemeza simu kwenye kopo la gundi, akabonyezabonyeza, kisha akaninong'oneza kwamba tuko hewani na mkunga ameshaingia. Sikutabasamu.

"Mwenye kiti," nikasema, "hiki hapa chako. Nilikichelewesha kwa sababu ulikuwa hujakiona. Binti yangu alikivisha, mimi nimekivua. Sasa tazama."

Nikamwonyesha maungio. Nikamwonyesha mikanda ilivyosukwa, nikazipiga ngumi springi zikazama na kurudi. Kisha nikageuza kiti nimwonyeshe mguu wa nyuma pale juu, sehemu inayofichwa na kitambaa, na hapo nikaona ufa. Mwembamba, kando ya tundu la skrubu. Nilipouchonga mguu ule haukuwepo. Mbao ziliendelea kukauka wakati kiti kinasubiri.

Ningeweza kukigeuza upande mwingine, na hakuna ambaye angejua. Nikausogeza mguu karibu na simu.

"Huu ufa unauona? Hata mimi ndiyo nauona sasa hivi. Mguu huu mtoto ungembeba, lakini mzee anayenyanyukia upande huu ungemwangusha. Naubadilisha mguu. Kesho mchana nakuita tena."

Ikaja sauti ya mkunga. "Mama, baba yuko hapa naye anaangalia. Anauliza, kama kiti kingekuwa kimeshavaa nguo, tungejuaje?"

"Tusingejua, mzee wangu. Ndiyo maana nasumbua watu."

Tulimsikia mzee akicheka mpaka akakohoa. Binti yangu hakucheka. Alikuwa anauangalia ule ufa, ambao asubuhi aliufunika kwa mikono yake mwenyewe, na tangu siku hiyo hatukugombana tena kuhusu sheria ile.

Kesho yake, nilipofunga mguu mpya, waliokuja kutazama hewani walikuwa wengi kuliko wa jana, na wengi wao hawakuwa na kiti kwangu. Wamekuja tu kumwona mama anayevua viti. Wakauliza springi zinakaa miaka mingapi, sponji nzuri unaijuaje ukiibonyeza, mbao gani inaliwa na wadudu. Nilijibu yote. Kitinda mimba naye akakamata usukani: kila kiti kikifika hatua ile mwenyewe anaitwa hewani, na atakaye kuangalia aangalie. Alikata vipande vifupi vya video akavitundika kwenye ukurasa. Aliyeandika alijibiwa siku hiyohiyo, na aliyelalamika alijibiwa palepale alipolalamikia, mbele ya watu.

Halafu, kiti kilipomfikia, mkunga akatuma video yake mwenyewe. Mzee amekaa kwenye kile kiti, anashika mikono yote miwili ya kiti, anasimama peke yake, anakwenda kujimiminia maji. Nililia waziwazi, na fundi redio aliponikuta nalia akadhani kuna msiba. Video ile ilituletea kazi kuliko picha zote za kulala kifudifudi.

Shule zikafungwa, pikapu ikaja. Mwanangu alishuka akasimama mlangoni, akakosa pa kuweka mguu. Viti uchi kila mahali, kila kimoja na karatasi ya jina la mwenyewe. Mimi nilikuwa hewani na kinyozi aliyeagiza viti vya kusubiria wateja wake, na binti yangu alikuwa amekumbatia sponji.

"Mama..." akaanza.

Nikamwashiria anyamaze, nikamtia simu mkononi. "Inua kidogo. Usitetemeke."

Akainua. Mwanzoni alikuwa ananitazama mimi. Baadaye akawa anakitazama kiti, na maswali ya watu akayaona kwenye kioo, akaanza kunisomea. "Mama, huyu anauliza kwa nini gunia liko juu ya springi." Nikajibu. "Huyu anauliza zamu yake lini." Binti akajibu. Tulimaliza na kinyozi, simu ikazimwa, mwanangu akabaki ameishika.

"Mama," akasema taratibu, "ile sofa yangu ina nini ndani?"

"Ina maboksi, mwanangu. Na sponji ya mabaki. Upande wa kushoto umeshaanza kubonyea."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua."

"Na hukusema."

"Nilikuja kama mgeni. Na nikija tena nitakuja kama mgeni." Nikamshika bega. "Chumba kile ni kizuri sana. Mpe mwanao mkubwa."

Aliangalia pikapu, na kamba alizoleta za kufungia kitanda changu. Alitaka mama yake awe karibu, hilo si kosa, na iliniuma kumrudisha mikono mitupu. Nikamkumbatia pale katikati ya viti mpaka shati lake likajaa vumbi la sponji.

Siku chache baadaye pikapu ikarudi. Sofa ya kijivu imefungwa nyuma kwa kamba zilezile, mkamwana wangu amekaa mbele na wajukuu mapajani, ile nailoni ameikunja vizuri mkononi. Tukaishusha, tukailaza kifudifudi karibu na mlango, penye mwanga. Nikampa mwanangu koleo.

"Vua mwenyewe," nikamwambia.

Kitinda mimba alishainua simu. Nikamwona mkamwana anaitazama ile simu, kisha akainamisha macho kwa aibu.

"Weka chini," nikasema. "Hii ni ya kwetu."

Binti akaiweka juu ya kopo la gundi, kioo kikiangalia chini, tukainama wote kuangalia.