Chenga kwenye Picha ya Mama

Picha ya mama tunayo moja tu. Baba aliipiga kwa simu yake ya zamani, jikoni, umeme ukiwa umekatika. Mama amegeuka kutoka kwenye kikaango, anacheka, na picha nzima ina chenga kama imemwagiwa mchanga.

Kitinda mimba wetu alikuwa bado ananyonya mama alipofariki. Sura ya mama ataijua kwa picha hiyo tu, ndiyo maana baba alitaka ikuzwe, itundikwe sebuleni. Tukaipeleka studio.

"Mzee, hii ulipigia simu au redio?" fundi picha akauliza.

"Ilikuwa simu ya wakati wake, kijana. Kama mimi."

Fundi akafungua programu ya kuondoa chenga. Alivuta alama fulani kwenye kompyuta, chenga zikayeyuka. Ukuta ukawa safi, uso wa mama ukang'aa kama sahani mpya.

"Mambo si hayo! Karudi usichana."

"Kweli kabisa," baba akasema, amefurahi.

Mimi nilitazama shavu. Mama alikuwa na madoa madogo meusi, mafuta ya moto yalimrukia zamani. Mwenyewe akiyaita hereni zake za jikoni. Akinisuka, nilikuwa nayatazama kwenye kioo mpaka usingizi unanichukua. Sasa shavu lilikuwa tupu.

Fundi akawasha printa. Kusema mbele ya watu kwangu ni kazi. Hata dukani huwa naonyesha kwa kidole.

"Huyo si mama."

"Unasemaje, dada?"

"Madoa yake. Yamefutika."

Baba akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo cha kompyuta.

"Yarudishe."

"Yakirudi, na chenga zinarudi, mzee. Mashine haijui kipi ni kipi."

"Sisi tunajua."

Fundi akairudisha ile alama taratibu. Chenga zikatokea ukutani, kisha kwenye nywele, kisha doa moja shavuni, na jingine.

"Hapo!" tukasema mimi na baba kwa pamoja.

Nyumbani, kitinda mimba alilowesha kidole mate, akaanza kulisugua shavu.

"Dada, mama kachafuka."

"Hajachafuka. Ndivyo alivyokuwa."

Akaacha kusugua, akaitazama tena. "Anacheka nini?"

"Anamcheka baba. Simu kaishika kichwa chini miguu juu."

"Uongo huo," baba akasema, huku anatafuta msumari.