Matairi Yasiyo na C

Du. Du-du. Du.

Mlio ulitoka nje, naye Rula alikuwa ndani ya kabati. Ndani kabisa, amejikunja, bisibisi ipo mdomoni, anapachika rafu ya mwisho, na mbele ya macho yake hakuna kitu ila giza lenye harufu ya gundi. Akatega sikio. Mbao zote alizijua kwa sauti: ngumu hulia hivi, iliyooza hulia vile, na yenye ufa haiwezi kujificha. Hii haikuwa mbao.

"Nani anapiga vitu vyangu?" aliuliza kwa kupitia meno.

"Toka kaburini uone!"

Alikuwa Pancha, jirani yake fundi wa matairi, mtu aliyeweza kuziba kila tundu mtaani isipokuwa mdomo wake mwenyewe. Rula alitoka kinyumenyume, akajifuta vumbi. Pancha alikuwa amekalia gogo kivulini, mbele yake tairi kuukuu limelazwa, analichapa kwa viganja kama mtu aliyealikwa kutumbuiza.

"Hilo nataka kulifanyia kigoda," Rula alisema. "Liache."

"Kigoda! Kwa hiyo ni kweli. Umebadilisha matairi ya nyuma bila kunitafuta. Umenipita mlangoni, kaka, ukaenda kununua kwa watu wasiokujua hata jina."

"Ulikuwa umefunga."

"Nilikuwa nakula! Mtu akila amekufa?"

Rula alicheka. Siku hiyo alikuwa na sababu ya kucheka. Asubuhi gari lake dogo la mizigo lilikuwa limeondoka limejaa mpaka mlango wa nyuma ukafungwa kwa kamba: vitanda, makabati na meza za nyumba ya wageni iliyokuwa inafunguliwa ng'ambo ya mlima. Kazi yote ya mikono yake, mbao ngumu tupu, hakuna ubao hata mmoja wa kubandikabandika. Kabati hili la mwisho lingefuata kesho. Usukanini alikaa mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa dereva wa karakana, na pembeni yake mama mkwe, aliyeomba lifti kwenda kumwona dada yake.

"Nilinunua mwenyewe kwa sababu najua kupima," alisema, akagusa rula ya kukunja iliyochomoza mfukoni. Jina alilipata hapo. Alipima kila kilichosimama mbele yake. Mkewe alipojifungua, alipima kitanda cha wodi na kuwaambia wauguzi kimepinda. "Nilipima la zamani, nikapima jipya. Upana uleule, kimo kilekile, tundu la katikati lilelile. Yule muuzaji akaanza hadithi, sijui la mzigo, sijui la kawaida. Nikamwambia, bwana wee, nipe lenye kipimo hiki, maneno kaa nayo."

"Na yaliyoandikwa ubavuni hukusoma?"

"Nimesoma. Mia mbili na tano, sitini na tano, R kumi na sita. Yanafanana na haya."

"Haya, mwalimu. Mia mbili na tano ni nini?"

"Upana. Kwa milimita."

"Sitini na tano?"

Rula alisita. "Kimo cha ubavu."

"Milimita sitini na tano? Hilo litakuwa tairi la kitoroli cha mtoto." Pancha alifurahi mpaka akapiga tairi tena, du-du. "Si milimita, ni asilimia. Kata upana vipande mia, chukua sitini na tano, hicho ndicho kimo cha ubavu."

Rula akatoa rula, akaikunjua, akapima kuanzia ukingo wa ndani, rimu inapokaa, hadi penye kashata za kukanyagia barabara. Mia moja thelathini na kitu, tairi lilikuwa limeisha kidogo. Akapiga hesabu kichwani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kitu kilichokubali kipimo alikipenda papo hapo.

"Watu wenye akili," alisema.

"R ni namna nyuzi za ndani zilivyolazwa. Kumi na sita ni rimu, kwa inchi. Usiniulize kwa nini wameruka kutoka milimita kwenda inchi, walevi wako kila mahali. Sasa endelea kusoma. Baada ya kumi na sita kuna nini?"

"C. Halafu mia na saba, mkwaju, mia na tano, T." Rula aliinua mabega. "Mambo ya kiwandani hayo. Kama sisi tunavyoandika kwa penseli nyuma ya droo."

Pancha alicheka, kisha akaacha katikati ya kicheko, mkono ukiwa hewani juu ya tairi.

"Na mapya yameandikwaje hapo?"

Rula hakuwa msahaulifu wa namba. "Tisini na tano, H."

"C ipo?"

"Hakuna C."

Mkono wa Pancha ulishuka polepole bila kupiga kitu. Akalitazama tairi, akamtazama Rula.

"Sema basi!"

"C ni tairi la gari la mizigo, kaka. Mia na saba ni daraja la uzito. Kwenye jedwali, mia na saba ni kilo mia tisa sabini na tano kwa tairi moja. Ile mia na tano ni pale yanapofungwa mawili mawili upande mmoja. Tisini na tano ni kilo mia sita tisini. Na H ni mwendo, linaruhusiwa kukimbia kuliko gari lako lilivyowahi kukimbia tangu lizaliwe. Ni tairi zuri. Ni la gari la kubeba familia kwenda kutembea. Umemvalisha punda viatu vya mwanariadha, ukampandishia kabati."

Rula hakuhitaji karatasi. Matairi mawili, pungufu zaidi ya nusu tani. Na mzigo aliupanga mwenyewe, akauelekeza nyuma ili mama mkwe apate nafasi ya kunyoosha miguu. Akaona ule mteremko wa machimboni ambao gari lazima liushuke, kona juu ya kona, malori yakishuka yananuka breki, bonde likiwa wazi upande wa kushoto.

Akachukua simu, akampigia mkewe. Imezimwa. Bila shaka imezimwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeweka amri hiyo: ukiwa usukanini, simu ife. Akampigia mama mkwe. Simu ikaita, ikaita, na mlio wake ukasikika wazi kabisa kutoka ndani ya karakana, juu ya meza ya randa, ilipokuwa imeachwa kwenye chaji.

"Pikipiki yako ina mafuta?" Rula aliuliza.

"Panda."

Pancha alisimama kwenye kibanda chake muda wa kuchukua matairi mawili tu, yale yenye herufi, na vyuma vyake vya kazi. Rula alikaa nyuma, tairi moja kalivaa begani kama mkoba, jingine liko mapajani kati yake na Pancha, na mfuko wa vyuma unamgonga goti kila shimo. Watu waliwatazama na kucheka. Siku nyingine angewajibu.

Njia nzima alikuwa anazungumza na gari ambalo halikuwepo. Nenda taratibu. Usifunge breki ghafla. Simama. Nakuomba simama. Alimwona yule muuzaji akifungua mdomo, na akajiona mwenyewe akimnyamazisha kwa rula kama mtu anayefukuza kuku. Laiti angemwacha amalize sentensi moja!

Mji ulipoisha, barabara ikaanza kupanda. Hapo ndipo alipoviona: vipande vyeusi vya tairi vimetawanyika ukingoni, kimoja kirefu kama mjusi mkubwa aliyekanyagwa. Alimshika Pancha bega akambana hadi mwenzake akaguta.

Pancha alipunguza mwendo, akainama bila kusimama. "Si lake. Tazama unene. Hilo la lori."

"Una hakika?"

"Kama ninavyomjua mama yangu. Acha kunivunja bega."

Walipofika kileleni, mahali penye kituo cha mafuta kabla barabara haijajitupa machimboni, Rula aliona kitu ambacho akili yake ilikataa kukipokea. Chini ya paa la kituo, kando ya pampu ya upepo, palikuwa na chumba cha kulala. Makabati matatu yamepangwa wima kwa mstari, meza zimepandana, vitanda vimeegemezwa nguzoni, na mbele yake kitanda kimoja kipya kabisa. Juu ya kitanda, khanga imetandikwa kwenye chaga, mama mkwe wake ameketi kama malkia aliyesubirishwa, miguu inaning'inia, anajipepea kwa mfuniko wa boksi.

Nyuma yake gari, limesimama, tupu, zima.

Rula alishuka pikipiki haijasimama vizuri. Aliliweka tairi chini, likamponyoka, likabingirika taratibu mpaka likaegemea kitanda.

"Tumeletewa na kigoda," mama mkwe alisema.

Mkewe alitokea upande wa pili wa gari, anafuta mikono kwa kitambaa. Mzima. Ana grisi shavuni. Rula alipumua, na ilikuwa kama hajapumua tangu atoke ndani ya kabati. Alitaka kumkumbatia, lakini mbele ya mama mkwe aliishia kumshika kiwiko kwa nguvu na kukisahau mkononi.

"Nimekupigia mpaka nimechoka," mkewe alisema. "Simu yako ina kazi gani?"

Akaitoa mfukoni. Ni kweli, alikuwa amepiga mara nyingi, wakati upepo wa pikipiki ukimpigia kelele masikioni.

"Umejuaje?" aliuliza. "Umesimamaje hapa?"

"Gari lilikuwa linatikisa nyonga kwenye kila kona. Mama akasema, mwanangu, hili linacheza ngoma gani? Nikaingia hapa, nikayashika matairi kama kawaida yangu." Aliinua kiganja, kama anavyomgusa mtoto paji la uso usiku wa homa. Rula alikuwa amemtania mara nyingi kwa tabia hiyo. Tairi haliumwi, humwambia. "Ya mbele ya vuguvugu. Ya nyuma yanaunguza, na mbavu zimefura kama shavu la mwenye jino. Nikasema huku bondeni sishuki. Vijana wa kituo wakanisaidia kushusha." Akalitazama tairi lililoegemea kitanda, kisha akamtazama yeye. "Yule muuzaji amekuuzia mabovu, eh?"

Njia ya kutokea ilikuwa hiyo, pana na laini. Neno moja tu: eh. Muuzaji hakuwepo kujitetea, na heshima ya Rula ingebaki imesimama wima kama yale makabati. Akamtazama Pancha kwa pembe ya jicho. Pancha alikuwa ameinama kwenye mfuko wake, anapanga vyuma ambavyo vilikwisha kupangwa, midomo ameikaza kama anaumwa. Mdomo ule usiozibika! Angeubeba uongo huo kwa ajili yake hadi nyumbani, na ungemchoma njia nzima.

"Hapana," Rula alisema. "Ni mazima. Si ya gari hili tu. Yameandikwa wazi ubavuni yanabeba kiasi gani, na muuzaji alitaka kuniambia, nikamkatiza. Nilipima, sikusoma. Kosa ni langu, na ninyi ndio mlikuwa juu yake."

Kijana mmoja wa pampu aligeuza uso, akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na gari.

"Wewe," mkewe alisema taratibu, "unayepima hadi kivuli?"

"Mimi."

Kicheko kilianza kwa mama mkwe, chini tumboni, kikatikisa chaga za kitanda. Na chaga hazikulia hata kidogo, jambo ambalo Rula, pamoja na aibu yake yote, alilisikia na kulipenda. Mkewe akafuata, anacheka huku machozi yanamtoka, akimpiga kifuani kwa kile kitambaa cha grisi. Pancha aliachia pumzi kama tairi lililochomolewa vali.

"Mungu wangu, nilikuwa nakufa!" alisema. "Mama, huyu aliniambia C ni kama penseli nyuma ya droo!"

"Funga matairi, wewe," Rula alimwambia, naye sasa anacheka.

Wakafunga. Kabla ya tairi la kwanza kuingia, mama mkwe alishuka kitandani, akasimama juu yao, akaelekeza kidole. "Lisome. Kwa sauti. Nataka kusikia ninakalia nini."

Rula alipiga goti, akapitisha kidole kwenye herufi zilizochomoza kama nakshi. Mia mbili na tano, upana wake. Sitini na tano, kimo chake kwa upana huo. R, kumi na sita. C, mama, la mzigo. Mia na saba, mia na tano. T, mwendo wake. Akafika hata kwenye zile namba nne za mwisho ndani ya kiduara, na Pancha akamweleza: mbili za kwanza ni wiki lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Akazisoma hizo pia.

Mzigo ulipandishwa upya, safari hii uzito ukasogezwa mbele, na mama mkwe akaambiwa akunje miguu. Alikunja bila kulalamika. Mkewe alizunguka, akayashika matairi yote kwa kiganja, akapanda, akawasha gari.

"Ngoja," Rula alisema. Alikuja upande wa abiria, akashika ukingo wa dirisha, na hakujali kwamba vijana wa kituo wanasikia.

"Mama," alisema, "nakuahidi mbele ya mwanao. Kuanzia leo, hakuna kitu nitakachokiweka chini ya gari hili kabla sijakisoma hadi herufi ya mwisho. Na atakayetaka kunieleza, nitamwacha amalize."